Umeme umekata fundi yuko katikati ya ukuta wa jiko, udongo umeshachanganywa. Nifanyeje?

MamaMawese

Mwakeye wakuu. Niko Gungu hapa Kigoma, naandika haraka maana chaji ya simu nayo ni ya kuhesabu.

Natengeneza jiko. Ukuta wake ulikuwa wa rangi ya mafuta ya kijani, na kwa miaka ya kukaangia samaki ile kijani ikawa rangi isiyo na jina. Biashara yangu ni mawese. Safari hii nimepata kifaida kidogo, nikasema kabla hakijamezwa na michango ya harusi acha kiingie ukutani.

Leo asubuhi fundi kaanza upande wa sinki. Marumaru za 30 kwa 60, nyeupe zenye mshipa wa kijivu. Kazi inakwenda, grinda inalia, vumbi limefika mpaka kwenye masufuria niliyofunika kwa khanga. Mara kimya. Nikadhani fundi kapumzika. Nikasikia watoto wa jirani "aaah!" kwa pamoja, nikajua TV imezimika, mtaa mzima hakuna umeme.

Hali ilivyo: makarai mawili ya udongo wa saruji yamejaa, kayachanganya si muda mrefu. Ukutani mistari miwili imeshapanda, wa tatu umefika nusu, na hapo ulipofika ndipo penye soketi mbili na bomba la sinki, yaani vipande vya kukata vitupu. Ukuta wa pili tayari kachimba mifereji ya kupitisha paipu za nyaya mpya, na soketi ya zamani inaning'inia nje kama jino la mtoto. Maji nayo: tanki la juu hujazwa kwa pampu, limebaki robo.

Nina maswali matatu.

La kwanza, udongo. Fundi anasema tusubiri, "utarudi sasa hivi". Hiyo sasa hivi naijua.

La pili, jirani yangu ana jenereta la tangu enzi zile mji unaendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Mkoa ulipounganishwa na gridi mwaka 2022 wengi waliuza ya kwao, yeye akasema "ngojeni". Leo ndiyo siku yake, kaja na tabasamu. Kaja pia na waya wenye plagi pande zote mbili, anasema tuchomeke kwenye soketi yoyote nyumba nzima iwake, amefanya hivyo miaka na hajafa mtu. Ni sawa?

La tatu ndilo linaniuma. Fundi ameniuliza kiutani, ila najua si utani, kama umeme usiporudi siku yake namlipa au vipi. Tulipatana kwa siku, yeye na saidia fundi wake. Nimlipe kwa kukaa kwenye ndoo?

Fundi_Buzebazeba

Mama Mawese pole na kazi. Nitajibu la udongo, hayo mengine wapo wenyewe.

Mwambie mwenzangu ainuke hapo. Saruji ikishaguswa na maji saa yake imeanza kuhesabu, haijui habari za umeme. Kwa jua letu hili, karai lililoachwa wazi ndani ya saa moja na kitu linaanza kukaza. Lililofunikwa kwa kiroba kibichi na kuwekwa kivulini linavuta muda kidogo zaidi. Mimi binafsi likishapita saa moja na nusu siliweki tena nyuma ya marumaru.

Na asije akakwambia anauongezea maji. Ndiyo mchezo wenyewe huo: udongo umeanza kushika, mtu anamwaga maji nusu kopo, anakoroga, unalainika, anaendelea. Umelainika kwa macho tu, nguvu yake imeshavunjwa. Marumaru itakaa vizuri mpaka umlipe aondoke, halafu siku moja uko unakaanga migebuka kipande kinadondoka kwenye mafuta.

Cha kufanya sasa hivi. Umeme unahitajika kwenye kukata, kubandika ni mwiko na mikono. Atazame kuta zote za jiko aone ni wapi marumaru inakaa nzima bila kuguswa na grinda. Ahamie huko na makarai yake yote mawili. Pale penye soketi na bomba aparuke. Ila kuna namna ya kuruka. Kwanza aweke marumaru kavu mahali pake, apime, achore kwa penseli nyuma ya kila kipande kinakwenda wapi na kinakatwa wapi. Pili, zile nzima zinazofuata baada ya pengo azifuatishe kamba na pima maji kana kwamba pengo limeshajazwa, na nafasi za gurauti (ule udongo wa kujazia viungo vya marumaru) azihesabu humohumo, la sivyo kipande cha kesho kitagoma kuingia kwa milimita tatu na mtaanza kulaumiana. Tatu, udongo wowote uliovuja ndani ya pengo aukwangue leo leo mpaka ukuta uonekane. Akiuacha, kesho atapiga patasi, na patasi inatikisa jirani zake ambazo hazijashika vizuri.

Kama kuna vipande vya kukata kwa mstari ulionyooka tu, vile vya pembeni na vya juu, mashine ya mkono inatosha. Ile ya reli yenye kigurudumu: unachora mara moja, unabonyeza, inavunjika kwenye mstari. Hapo mjini kwa mafundi zipo, aazime. Haitatoboa tundu la bomba wala kukata kona ya soketi, hizo aziache.

Maji ya robo tanki msiyaoge. Kazi ya leo yanatosha.

Nyaya_Tatu

Nasoma hapa Kasulu presha inapanda. Mama yangu, huo waya usiingie ndani kwako. Mwambie jirani asante kwa jenereta, waya arudi nao.

Ukichomeka upande mmoja kwenye jenereta, upande wa pili meno ya plagi yako wazi na yana volti 230. Mtu akijikwaa nao basi. Hilo ni la ndani. Kubwa liko juu ya nguzo. Umeme ukiingia kwa kupitia soketi unasambaa nyumba nzima, halafu unatoka kwenye meinswichi, unapita mita, unaingia kwenye laini ya mtaa na kufika kwenye transfoma kwa mgongo. Na transfoma haijali umeme umetoka upande gani. Ile ile inayoshusha kilovolti 11 au 33 kuja kwenye matumizi ya nyumbani, ukiipelekea kinyume inapandisha. Sasa kuna kijana wa watu kapanda nguzo huko mbele kurekebisha, anajua laini imezimwa, anashika waya, anakutana na maelfu ya volti kutoka jikoni kwa Mama Mawese.

Jirani atakwambia huwa anazima meinswichi kwanza. Sawa. Siku akisahau? Na umeme wa gridi ukirudi ghafla huku jenereta linanguruma, linalowaka moto ni lake.

Namna salama ni rahisi kuliko hiyo yake. Jenereta linakaa nje, eksitensheni inatoka kwenye jenereta inakwenda moja kwa moja kwenye grinda. Haigusi soketi ya nyumba popote. Kama eksitensheni ni ya kuzungushia, ifunguliwe yote, maana ikiachwa imejikunja huku grinda inavuta, inapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Muulize ni la ukubwa gani. Grinda ndogo ya inchi nne na nusu inakula wati kama 700 hadi 1,000, jenereta la kVA 2.5 linaibeba linacheka. Ile kubwa ya inchi tisa ni wati 2,000 na ushee, na inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo, jenereta dogo litakohoa lizime. Na kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Usimruhusu mtu akapenyeze chaja ya simu na friji humohumo.

Lisiwekwe barazani hata kama mvua inanyesha, wala chini ya dirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, watu wanalala hawaamki.

Ukitaka siku moja nyumba nzima itumie jenereta, unafungiwa chenjiova: swichi inachagua gridi au jenereta, haiwezi kushika vyote viwili. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukuuliza. Umeme ulipokata grinda ilikuwa inazunguka. Nani aliizima swichi yake?

MamaMawese

Nyaya Tatu umenitoa mbio. Nimeenda jikoni kuangalia. Swichi imesukumwa mbele, imejifunga hapohapo kwenye kuwaka, grinda imelala juu ya mfuko wa saruji na plagi iko ukutani. Mwanangu wa darasa la pili amekaa pembeni yake anakula muhogo. Nimechomoa, nimemnyanyua mtoto na muhogo wake, nimemwangalia fundi, naye akaangalia dari.

Jirani amekasirika kidogo kuhusu waya lakini jenereta kaliacha. Ni la kVA 2.5. Tumeliweka chini ya mwembe.

Fundi wa Buzebazeba, nimemsomea fundi ujumbe wako kwa sauti. Kanuna, kasema "hayo nilikuwa nayajua", halafu akainuka na kuhamia ukuta wa mlangoni ambako zote ni nzima. Karai la kwanza linakaribia kwisha. Kwa hiyo asante, hata kama alikuwa anayajua.

Lakini kuna jipya. Saidia fundi anasema kwa kuwa umeme haupo, hii ndiyo nafasi nzuri ya kuhamisha ile soketi inayoning'inia na kupitisha nyaya mpya. Ametoa tesa, kagusa nyaya, haijawaka, anasema pako salama. Aendelee?

Nyaya_Tatu

ASIENDELEE. Samahani kwa herufi kubwa.

Tesa haijawaka kwa sababu mtaa mzima hauna umeme. Haijawaka kwa sababu swichi imezimwa? Hapana. Ni vitu viwili tofauti na tofauti yake ni maisha ya huyo kijana. Umeme ukirudi hautapiga hodi, utamkuta ameshika nyaya mbili kwa vidole vilivyolowa udongo wa saruji.

Nenda meinswichi, shusha yote, usishushe breka ya soketi peke yake, maana kwenye nyumba za zamani breka zina majina yasiyo ya kweli. Kama boksi lina sehemu ya kufuli, weka kufuli na funguo ukae nayo wewe. Kama halina, bandika plasta na karatasi "USIWASHE, MTU ANASHIKA WAYA", halafu mwambie kila mtu wa nyumba kwa mdomo, pamoja na jirani wa jenereta, maana huyo ndiye atakayekuja kukusaidia kuwasha. Zile ncha za soketi zivikwe tepu ya umeme kila moja peke yake, zirudishwe ndani ya boksi.

Kuhamisha soketi na kuvuta nyaya mpya, namheshimu saidia fundi, lakini hiyo si kazi ya saidia fundi marumaru. Anachoweza kufanya bila kugusa waya ni kumalizia mifereji kwa patasi na nyundo na kupachika paipu tupu. Inyooke wima kutoka kwenye soketi kwenda juu, asiikate kwa mshazari kufupisha njia. Siku utakapotaka kupigilia kabati ukutani utajua nyaya zinapita wapi.

Umeme ukirudi, usikimbilie meinswichi. Tazama taa ya jirani kwanza. Ikiwa inafifia na kung'aa, subiri itulie. Friji iache dakika kama kumi ndipo uiwashe. Volti ikiwa chini mota zinapata joto, za friji, za pampu, za grinda, na zinaungua kimyakimya.

Mtu_wa_Isevya

Mimi niko Tabora, sina ufundi ila nina vyumba vya kupangisha na nimeshapigishwa hesabu na mafundi wa kila aina. Nijibu la hela maana naona mnalikwepa.

Mlipatana kwa siku. Maana yake umenunua siku yake, si marumaru zake. Amekuja, amevaa nguo za kazi, yupo. Umeme si wake. Ukimnyima kabisa umemdhulumu, na kesho hatakuja, na jiko la nusu hakuna fundi mwingine anayetaka kulirithi. Akija atalibomoa kwanza ili umlipe kubomoa. Lakini na yeye akikaa kwenye ndoo kutwa nzima huku kuna kazi ya mkono, hapo kakudhulumu wewe. Kwa hiyo swali ni je, ulimpa kazi nyingine akaikataa?

Kwangu nikipatana na fundi namtajia mapema: umeme ukikata kabla ya saa sita na hakuna kazi ya mkono, nusu siku. Ukikata baada ya hapo, siku nzima. Kazi ya mkono ipo daima ukiitafuta. Kuloweka na kuparuza ukuta unaofuata ili rangi yako ya mafuta itoke, maana udongo haushiki kwenye rangi ya mafuta hata uombe dua. Kuchekecha mchanga. Kupanga marumaru kwa boksi na kutazama kama rangi zinafanana, boksi zingine huja na weupe wa aina mbili.

Na mara nyingine patana kwa kazi, siyo kwa siku. Kwa mita ya mraba. Utashangaa umeme unavyokata na fundi anajua pa kuazima mashine ya mkono bila kuambiwa.

Fundi_Buzebazeba

Mtu wa Isevya umesema kweli kwa rangi ya mafuta, ila hapo kwenye mita ya mraba unatuuza. Kwa mita fundi anakimbia, na fundi anayekimbia anaweka udongo matone matano nyuma ya marumaru badala ya kujaza. Gonga kwa kifundo cha kidole utasikia patupu. Jiko la mtu binafsi kwa siku ni bora, bosi akiwepo. Mama yupo, anaonekana yupo sana.

Mama, ile rangi ya kijani aliitoa kabla ya kuanza au kaipandia juu?

MamaMawese

Aliigonga yote kwa kishoka, vitundu vitundu ukuta mzima, na akapiga maji na saruji nyepesi juu yake jana. Hiyo nilisimamia mwenyewe kwa sababu kelele ilinikosesha wateja.

Taarifa: meinswichi imeshushwa, boksi halina kufuli, nimebandika karatasi. Nimeandika na kwa Kiha chini yake kwa ajili ya mama mkwe. Ncha zimevikwa tepu. Saidia fundi anachonga mfereji kwa patasi, wima, nimemsimamia kwa pima maji na hafurahi.

Grinda imefanya kazi kwa jenereta, moja kwa moja, mkato wa soketi ya kwanza umetoka safi. Wa pili marumaru imepasuka kwenye kona. Fundi anasema ni jenereta. Ni jenereta kweli?

Fundi_Buzebazeba

Si jenereta. Kona ya ndani haikatwi kwa kukutanisha mikato miwili, inapasuka. Atoboe tundu dogo kwenye kona kwanza, ndipo mikato iishie kwenye tundu. Na alowanishe, marumaru ikipata joto inachanika. Kama hana drili ya kutoboa, akate kwa nyuma taratibu asifike mwisho, amalizie kwa kumega na koleo. Kovu litafunikwa na kifuniko cha soketi.

Gurauti leo asiguse. Mpaka kesho muda kama huu, na giza likianza kuingia asibandike kwa tochi. Mwanga wa tochi unatoka upande mmoja, utaona ukuta umenyooka, asubuhi jua likiingia utaona mabega.

Mtu_wa_Isevya

Na hela mmefikiaje?

MamaMawese

Siku nzima, wote wawili. Kamaliza makarai yote, ukuta wa mlangoni umefika juu ya swichi, mapengo yamekwanguliwa, nimepitisha kidole. Kipande kilichopasuka nimekata kwenye hela yake, tumebishana, tumekubaliana nusu kwa nusu.

Umeme bado. Wanasema huko mtaa wa Mwanga umerudi.

Mtu_wa_Isevya

Chakula cha mchana ulimpa?

MamaMawese

Ugali wa muhogo na migebuka yote iliyokuwa kwenye friji, maana ningeiwekea nani. Amekula, kaongeza, halafu kauliza kesho umeme ukikata tena tutapika nini.